Injini za utafutaji za mwanzo: ziliandika nini daftarini?

Habari za injini za utafutaji za zamani kwa kawaida huja kama orodha ya majina na miaka: Archie 1990, Veronica 1992, Lycos 1994, AltaVista 1995. Orodha hiyo ni sahihi, ila anayeanza haimfai kitu, maana haimwelezi kwa nini injini moja ilijibu vizuri na nyingine ikaleta takataka. Ukitaka kuzielewa, uliza swali moja tu kwa kila injini: ilikuwa imeandika nini kuhusu kila kitu ilichokiona?

Injini haizunguki mtandaoni pale unapobonyeza kitufe. Inapekua daftari lake, na daftari hilo lilijazwa jana, au wiki iliyopita, au mwezi uliopita. Kisichoandikwa humo hakipatikani, hata kama kiko wazi kabisa kwenye seva fulani. Injini za miaka ya 1990 zilitofautiana hasa hapo: nyingine ziliandika jina la faili tu, nyingine kichwa cha ukurasa, nyingine kila neno. Mambo mengine yote yanafuata kutokana na hilo.

Archie: majina ya mafaili, basi

Mwaka 1990 watu wa vyuo na maabara walibadilishana programu na hati kwa FTP, njia ya kuhamisha mafaili kati ya kompyuta. Seva ilikuwa ikiacha mlango wazi. Unaingia kwa jina la *anonymous*, mahali pa nywila unaandika anwani yako ya barua pepe, kisha unapita folda baada ya folda mpaka ulione faili unalolitaka. Kazi ngumu ilikuwa kujua ni seva ipi.

Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa McGill University mjini Montreal, aliandika programu ya kumwondolea mtafutaji kazi hiyo. Inaingia kwenye seva, inaomba orodha nzima ya folda na mafaili, inaondoka nayo, inakwenda seva inayofuata. Orodha zote zikakusanywa mahali pamoja pa kutafutia. Peter Deutsch na Bill Heelan walishiriki kuikuza. Jina Archie ni neno la Kiingereza *archive* lililonyofolewa herufi v.

Hakukuwa na ukurasa wa kubofya. Uliingia kwa Telnet, njia ya kuiendesha kompyuta ya mbali kwa maandishi, na kuandika amri, hivi:

    telnet archie.mcgill.ca
    login: archie
    set search sub
    set maxhits 20
    prog kermit

Mstari wa mwisho ndio swali lenyewe: tafuta mafaili yenye *kermit* kwenye jina. Wa tatu ndio uliowaangusha wengi. *Sub* maana yake: nipe kila jina lenye herufi hizi popote ndani yake, ziwe kubwa au ndogo. Ukiweka *exact*, jina lazima lilingane herufi kwa herufi, na Kermit.zip halitapatikana kwa kuandika kermit.zip. *Subcase* ni kama *sub* lakini inajali herufi kubwa na ndogo, na *regex* ni ya wale wanaojua kuandika ruwaza. *Maxhits* inaweka kikomo cha majibu; ukiisahau kwa jina la kawaida, skrini inatiririka na ya juu yanakupita.

Jibu lilikuwa na jina la seva, njia ya folda, na mstari wenye ukubwa wa faili na tarehe yake. Hapo Archie imemaliza kazi. Unatoka, unafungua FTP, unakwenda kulichukua faili mwenyewe.

Udhaifu wake unauona ukikumbuka kilichoandikwa. Mkusanyiko wa ramani uliohifadhiwa kwa jina la mp2v.zip haupatikani kwa neno linalohusu ramani, kwa sababu ndani ya faili hakuna aliyechungulia. Kulikuwa na orodha fupi ya maelezo iliyoitwa *whatis*, lakini ilitegemea watu kuijaza. Na kwa kuwa kila seva ilitembelewa upya takriban mara moja kwa mwezi, ungeweza kufika kwenye folda ukakuta faili lilishahamishwa.

Veronica, na binamu yake aliyesoma yote

Gopher, mfumo wa kutoa hati mtandaoni, ilitoka University of Minnesota mwaka 1991. Badala ya majina ya mafaili yaliyokatwakatwa, ilionyesha menyu: mistari iliyoandikwa na mtu kwa lugha ya watu, unachagua mmoja, unafunguka. Mwaka 1992 Steven Foster na Fred Barrie wa University of Nevada, Reno, wakatengeneza Veronica, iliyokusanya mistari ya menyu kutoka seva za Gopher kila mahali.

Hatua hiyo inaonekana ndogo, lakini ilikuwa kubwa. Kwanza, mstari wa menyu unasema jambo lenyewe, si kifupisho cha msimamizi wa seva. Pili, majibu ya Veronica yalikuwa yenyewe ni menyu: unachagua jibu, unaingia moja kwa moja. Kero yake ilikuwa marudio. Hati moja inayotajwa kwenye menyu 15 ilirudi mara 15. Nyingine ilikuwa msongamano, kwani seva za Veronica zilikuwa chache na mara nyingi zilikujibu kwamba wateja ni wengi mno, rudi baadaye. Jughead ya 1993, kutoka University of Utah, ilijibana kwenye seva moja au kundi dogo la seva, na kwa hiyo ilikuwa nyepesi zaidi.

WAIS ya Brewster Kahle, ya wakati huohuo, ilisoma matini yote ya hati. Sasa mbona haikushinda? Kwa sababu ilikutaka uchague kwanza hifadhidata ya kutafutia. Anayejua hati yake iko hifadhidata gani tayari ana nusu ya jibu. Aliyekuwa na shida hasa ni yule asiyejua.

Buibui wanaingia kazini

Wavuti haikuwa na orodha kuu ya kurasa wala menyu ya juu kabisa. Ilikuwa na viungo tu. Mwaka 1993 Matthew Gray wa MIT aliandika programu iliyofuata viungo hivyo, aina inayoitwa buibui, akaiita World Wide Web Wanderer. Nia yake ya mwanzo ilikuwa kuhesabu: alipata tovuti 130 Juni 1993, na 623 Desemba mwaka huohuo. Baadaye yale yaliyokusanywa yakawa faharasa, yaani lile daftari la kutafutia, iliyoitwa Wandex.

Kanuni ya buibui wa aina hii ni fupi. Una foleni ya anwani. Chukua ya kwanza, vuta ukurasa wake, toa viungo vyote vilivyomo, tupa vile ulivyokwisha kuviona, vilivyobaki weka mwisho wa foleni. Rudia. Mtu anayejifunza kuandika programu anaweza kuiandika alasiri moja. Usiku wake ndipo matatizo huanza.

La kwanza: ukurasa mmoja una majina mengi. Anwani yenye mkwaju (/) mwishoni na isiyo nao, yenye index.html na isiyo nayo, jina la seva kwa herufi kubwa na kwa ndogo, zote zinaweza kufungua kitu kilekile. Usipozisawazisha kabla ya kuuliza kama umeshaziona, daftari linajaa pacha.

La pili: kurasa zisizoisha. Fikiria kalenda inayotengenezwa na programu, kila mwezi una kiungo cha mwezi unaofuata. Buibui hana habari kwamba mwaka 9999 hauna chochote, ataendelea tu. Dawa ni ukomo: idadi ya juu ya kurasa kwa seva moja, na kina cha juu cha kufuata viungo.

La tatu ndilo lililoleta ugomvi. Viungo vingi vya ukurasa huelekea kwenye seva ileile. Buibui anayevifuata bila kupumzika anaipiga seva moja maombi mamia kwa muda mfupi, na seva za wakati ule zilikuwa kompyuta za kawaida kwenye laini nyembamba. Wanderer ililalamikiwa kwa hilo hasa. Martijn Koster, aliyeandika miongozo ya waandishi wa buibui mwaka 1993, alishauri ukurasa mmoja kwa dakika badala ya mmoja kwa sekunde. Njia nzuri zaidi ni kuzungusha zamu: chukua ukurasa mmoja kwa seva hii, mmoja kwa ile, ndipo urudi ya kwanza. WebCrawler ilikwenda karibu na mtindo huo, na ikapata faida ya ziada, kwani iligusa seva nyingi mapema hata kama haikuzimaliza.

Koster huyohuyo ndiye aliyeleta faili la robots.txt mwaka 1994. Linawekwa kwenye mzizi wa tovuti, na buibui mwenye adabu hulisoma kabla ya lolote:

    User-agent: *
    Disallow: /cgi-bin/
    Disallow: /tmp/

Yaani: buibui wote, msiingie folda hizi mbili. Kosa la mkwaju mmoja hapa ni ghali. *Disallow:* pasipo kitu mbele yake inaruhusu kila kitu. *Disallow: /* inafunga tovuti nzima. Na tangu mwanzo hadi leo faili hilo ni ombi, si kufuli. Buibui mbaya analisoma ili ajue pa kuanzia. Kwa karibu miaka 30 lilifuatwa kwa makubaliano tu, hadi likaandikwa rasmi kama RFC 9309, moja ya hati za viwango vya intaneti, mwaka 2022.

Koster alijaribu pia njia isiyo na buibui kabisa. ALIWEB ya mwishoni mwa 1993 ilimtaka mwenye tovuti aandike mwenyewe faili la maelezo ya kurasa zake, injini ije kulichukua. Kwa karatasi ni safi: seva haisumbuliwi, na maelezo yanatoka kwa anayeyajua. Kwa vitendo, watu wengi hawakuandika. Wazo la kumtegemea kila mtu ajaze fomu kwa hiari yake lina historia ndefu ya kushindwa.

Kichwa, mistari 20, au kila neno?

JumpStation ya Jonathon Fletcher, University of Stirling huko Scotland, ndiyo inayohesabiwa kuwa ya kwanza kuunganisha vipande vitatu tunavyovijua leo: buibui wa kukusanya, faharasa, na kisanduku cha kutafutia. Ilianza Desemba 1993. Iliandika vichwa vya kurasa na vichwa vidogo vya ndani, si matini. Fletcher alipoondoka chuoni mwishoni mwa 1994 ilikuwa na maingizo 275,000 kutoka seva 1,500, na hakuna aliyeiendeleza. Utafutaji wake ulikuwa wa kupitia maingizo moja baada ya jingine, kwa hiyo daftari likiongezeka mara mbili, kusubiri nako kunaongezeka mara mbili.

World Wide Web Worm ya Oliver McBryan, University of Colorado, ilifuata mapema 1994, ikiwa na faharasa ya kurasa na hati zipatazo 110,000. Hii naipa nafasi ya pekee kwa sababu ya jambo ambalo wengi hulipita: mbali na kichwa, iliandika pia maneno ya viungo, yaani yale maneno ya rangi ambayo *mtu mwingine* ameyatumia kuelekeza kwenye ukurasa. Ndiyo maana iliweza kupata picha, kitu kisicho na neno hata moja ndani yake. Shika hapo, tutaparudia.

Brian Pinkerton wa University of Washington akafungua WebCrawler kwa umma tarehe 20 Aprili 1994, na yeye akaandika kila neno la kila ukurasa. Miezi mitatu baadaye, Lycos ya Michael Mauldin ikatoka Carnegie Mellon na hati 54,000. Lycos ilichagua njia ya katikati. Kwa kila hati iliweka kichwa, vichwa vidogo, maneno 100 yenye uzito mkubwa zaidi, mistari 20 ya kwanza, ukubwa wa hati na idadi ya maneno yake.

Ukiyaweka maamuzi hayo mawili sambamba unaona kila moja lilipata nini na kupoteza nini. WebCrawler ingeweza kukupatia sentensi iliyojificha chini kabisa ya ukurasa mrefu, lakini daftari lake lilinenepa upesi. Lycos iliibana kila hati, ikaweza kutembea mbali: kufikia Januari 1995 ilikuwa na hati milioni 1.5. Mistari ile 20 ya kwanza iliipa pia kitu cha kukuonyesha chini ya kila jibu, ukajua kama inafaa kabla ya kuufungua ukurasa, jambo zuri sana pale ukurasa mmoja unapochukua nusu dakika kufunguka. Hasara yake: neno lililotajwa mara moja tu, katikati ya hati ndefu, lilipotea.

Daftari lenyewe, kwa karibu

Hapa inafaa kukaa kidogo, maana ndipo penye ufundi. Chukua kurasa tatu:

Ukurasa 1: *paka mweusi amelala juu ya meza*
Ukurasa 2: *meza ya paka ni nyeusi*
Ukurasa 3: *mbwa amelala chini ya meza*

Njia ya kivivu ni kusoma kurasa zote kila mtu anapouliza. Kwa kurasa tatu sawa, kwa milioni 16 haiwezekani. Kwa hiyo unaligeuza: badala ya kuorodhesha ukurasa na maneno yake, unaorodhesha neno na kurasa zake. Namba ya kwanza hapa chini ni ukurasa, ya ndani ya mabano ni nafasi ya neno katika ukurasa huo:

    amelala   1(3)  3(2)
    chini     3(3)
    juu       1(4)
    mbwa      3(1)
    meza      1(6)  2(1)  3(5)
    mweusi    1(2)
    ni        2(4)
    nyeusi    2(5)
    paka      1(1)  2(3)
    ya        1(5)  2(2)  3(4)

Mtu akitafuta kurasa zenye *paka* na *meza* zote mbili, anza na neno lenye orodha fupi. *Paka* ana kurasa 1 na 2; angalia kama zimo pia kwenye *meza*. Zimo. Jibu ni mbili, na hukuusoma ukurasa wowote.

Sasa tafuta maneno *ya meza* yakiwa yameshikana. Kurasa zote tatu zina *ya* na zote zina *meza*, kwa hiyo injini iliyoandika namba za kurasa pekee italeta zote tatu. Iliyoandika nafasi itaangalia kama *meza* iko nafasi moja tu baada ya *ya*. Ukurasa 1: nafasi ya 5 na ya 6, sawa. Ukurasa 3: ya 4 na ya 5, sawa. Ukurasa 2: *ya* iko ya 2 na *meza* iko ya 1, umekwama. Namba zile za mabano zinaongeza sana ukubwa wa faharasa, na bila hizo kutafuta kifungu kizima cha maneno hakuwezekani.

Uzito wa maneno unatoka humohumo. *Ya* na *meza* vimo katika kila ukurasa, havitofautishi chochote. *Mbwa* yumo katika mmoja. Kanuni kwamba neno adimu lina uzito kuliko la kawaida iliwekwa na Karen Spärck Jones mwaka 1972, miongo miwili kabla ya wavuti kuhitaji msaada wake.

Ona pia kilichotuponyoka: aliyetafuta *mweusi* hakuupata ukurasa wa 2, wenye *nyeusi*. Kwa mashine hayo ni maneno mawili yasiyojuana. AltaVista ilikuwa na alama ya nyota ya kuziba sehemu ya neno, lakini ilitaka kwanza angalau herufi tatu za mwanzo. Kwa Kiingereza, kinachobadilisha maneno mengi mwishoni, ilifaa. Kwa Kiswahili, kinachobadilisha mbele, haiunganishi *kitabu* na *vitabu*, wala *mweusi* na *nyeusi*. Ilibidi uandike maumbo yote mwenyewe.

AltaVista na namna ya kuuliza

AltaVista ilifunguliwa tarehe 15 Desemba 1995 na kampuni ya Digital Equipment Corporation. Louis Monier aliandika buibui, Scooter. Mike Burrows akaandika faharasa. Ilianza na kurasa kama milioni 16, kila neno na nafasi yake. Kilichowawezesha ni mashine: kompyuta za Alpha zilikuwa za biti 64, wakati programu ya biti 32 haiwezi kufikia zaidi ya gigabaiti 4 za kumbukumbu kwa mkupuo. Kampuni ilikuwa inauza kompyuta hizo, na injini ilikuwa tangazo lake. Kwa maoni yangu, hakuna injini nyingine ya muongo ule iliyompa mtumiaji usukani kiasi hicho.

Ila usukani unataka dereva. Wa leo angejikwaa mara moja, kwa sababu nafasi tupu kati ya maneno ilimaanisha *lolote kati ya haya*. Ukiongeza maneno, majibu yanaongezeka badala ya kupungua. Kulazimisha neno liwepo uliweka alama ya kujumlisha mbele yake, kulikataza uliweka ya kutoa, bila nafasi kati ya alama na neno. Anayemtafuta paa wa porini, si paa la nyumba, angeandika:

    +paa +mnyama -mabati -dari

Na alama ya kutoa itumike kwa uchoyo. Ukiandika *-nyumba*, umetupa pia ukurasa mzuri kuhusu paa uliotaja nyumba mara moja kwenye aya ya mwisho.

Kifungu cha maneno kiliwekwa ndani ya alama za kunukuu. Herufi ndogo zilikubali umbo lolote, lakini ukianza kuweka kubwa, injini ilichukua ulivyoandika: *PAKA* ilileta PAKA tu. Aliyesahau kuzima kitufe cha herufi kubwa alidhani injini imekufa. Kulikuwa na *title:* kwa kichwa, *host:* kwa seva moja, na *link:* ya kuonyesha nani ameweka kiungo kwenda kwenye ukurasa fulani. Katika utafutaji wa kina mlikuwa na AND, OR, NOT na NEAR, hii ya mwisho ikiwa na maana ya maneno yasiyoachana zaidi ya nafasi kumi. Mtego wa huko ni kisanduku cha pili cha kupangia majibu. Ukikiacha kitupu, majibu yalikuja bila mpangilio wowote, na jibu bora lingeweza kuwa la 4,000.

Kila neno halitoshi

Daftari lilipokamilika, tatizo likahama. Swali lenye majibu manne halihitaji mpangilio. Lenye majibu 40,000 ni mpangilio mtupu. Na injini zilipanga kwa yale ambayo ukurasa unajisemea: neno liko kwenye kichwa, limerudiwa mara ngapi, liko karibu na juu. Wenye tovuti wakaelewa haraka. Wakarudia neno mara mia kwa maandishi meupe kwenye mandhari nyeupe, msomaji haoni kitu, buibui anasoma yote. Sehemu iliyofichwa ya maneno muhimu ikajazwa maneno yasiyohusiana na ukurasa. Hata fomu ya AltaVista ya kuongeza anwani ilishambuliwa na programu za kujaza fomu, mpaka mwaka 1997 ikaanza kuonyesha picha ya herufi zilizopindwa zinazosomeka na mtu na kuishinda mashine.

Yahoo iliukwepa mtego huu kwa kutokuwa injini. Jerry Yang na David Filo walianza Stanford mwaka 1994 na orodha iliyopangwa na watu kwa mada, na tovuti chafu haikupita mlangoni. Ilipokosa jibu, ilikupeleka kwa injini ya kukodi: Open Text kwanza, kisha AltaVista, Inktomi, na mwaka 2000 Google. Watu wengi waliodhani wanatumia injini ya Yahoo walikuwa wanatumia ya mtu mwingine.

Ukubwa nao ulikuwa na kikomo. Steve Lawrence na Lee Giles walikadiria mwaka 1998 kwamba wavuti ina angalau kurasa milioni 320, na hakuna injini iliyokuwa na zaidi ya theluthi. Ndiyo sababu MetaCrawler ya 1995, iliyotuma swali lako kwa injini kadhaa na kuyaunganisha majibu, haikuwa anasa: madaftari yalikuwa tofauti kweli.

Sergey Brin na Larry Page walipoandika kuhusu Google mwaka 1998, walikuwa na kurasa milioni 24 tu. Walieleza pia kwamba Novemba 1997, kati ya injini nne kubwa za biashara, ni moja pekee iliyoweza kujipata yenyewe kwenye majibu kumi ya kwanza ukitafuta jina lake. Wao hawakuongeza kurasa. Waliongeza kilichoandikwa kuhusu kila ukurasa: maneno ya viungo vinavyoelekea kwake, kama World Wide Web Worm ilivyokuwa imefanya, waliitaja wenyewe, na namba inayotokana na hivyo viungo.

Namba hiyo, PageRank, inahesabiwa hivi. Kila ukurasa unaanza na kiasi sawa. Ukurasa wenye viungo vinne unagawa kiasi chake robo kwa robo kwa kurasa hizo nne. Baada ya kila mzunguko unahesabu upya, unarudia hadi namba zitulie. Ukiishia hapo inavunjika: kurasa mbili zinazoelekezana zenyewe tu, na kuelekezwa na za nje, zinafyonza kila kitu na hazirudishi. Kwa hiyo asilimia 85 tu ndiyo hupita kwenye viungo, na 15 husambazwa kwa kurasa zote. Na ukurasa usio na kiungo hata kimoja unashughulikiwa kando, la sivyo kiasi chake hupotea kila mzunguko.

Za kuonja leo

AltaVista ilizimwa tarehe 8 Julai 2013, lakini ukurasa wake wa mbele wa 1996 unafunguka kwenye Wayback Machine, hifadhi ya nakala za kurasa za zamani ya Internet Archive, shirika lililoanzishwa na yuleyule Brewster Kahle wa WAIS. Usitarajie kutafuta kitu. Kisanduku kipo, ila nyuma yake hakuna faharasa. Kilichonakiliwa ni kurasa. Soma kurasa zake za msaada badala yake, zina maelezo ya alama zote.

Gopher ndiyo unayoweza kuitumia kweli. Weka kivinjari cha Lynx, fungua dirisha la amri, andika:

    lynx gopher://gopher.floodgap.com

Kwenye menyu tafuta mstari wa Veronica-2, uingie, uandike neno moja la Kiingereza, kwani mistari mingi ya menyu iko kwa lugha hiyo. Majibu yatakuja kama menyu. Shuka kwa mshale wa chini, ingia kwa mshale wa kulia, rudi kwa wa kushoto. Kisha jaribu neno ambalo una hakika limo ndani ya hati uliyoifungua lakini halimo kwenye mstari wake wa menyu, uone linavyokosekana.